Barabara, maegesho na miti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuirudishia miji yetu kivuli

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yanaulizwa tena na tena kwenye mikutano ya serikali ya mtaa, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala hapa Dar es Salaam, kila tunaposema kwamba sehemu ya lami na maegesho ya mjini irudishiwe miti, udongo na maji. Nimeyapa namba ili pale jibu moja linapoegemea jingine nikuelekeze badala ya kurudia. Mifano mingi ni ya Dar kwa sababu ndiko ninakoishi. Nairobi, Kigali, Zanzibar na Lamu zimo kwa sababu zina la kutufundisha, na penye haja nimevuka hadi Seoul na Paris.

## Mambo ya msingi

1. Kwani mnataka magari yafukuzwe mjini?

Hapana. Gari la wagonjwa, la mizigo, la zimamoto, daladala, mwendokasi (mabasi yaendayo haraka), na hata gari la mtu asiye na njia nyingine, yote yana kazi yake. Tunachodai ni kwamba ardhi ya umma igawanywe upya kwa haki. Barabara ni mali ya wote, lakini ukiitazama leo gari limepewa katikati, limepewa pembeni pa kuegesha, na mara nyingi limejichukulia hata njia ya miguu. Anayetembea amebaki na ukingo wa mtaro. Mti haukubakiziwa kitu.

Mgawanyo huo unaweza kuwa wa jambo dogo: nafasi mbili za maegesho mbele ya zahanati zikang'olewa lami, pakapandwa mwarobaini na kuwekwa benchi. Unaweza pia kuwa wa jambo kubwa, kama kubomoa barabara ya juu na kufukua mto uliolala chini yake (tazama swali la 6).

2. Miti si ipo Pugu na Kazimzumbwi? Kwa nini muitake barabarani?

Misitu hiyo tunaipenda na tunataka ilindwe. Lakini kivuli hakisafirishwi. Mti wa Pugu haumfikii mama aliyesimama kituoni Buguruni saa nane mchana na mtoto mgongoni.

Siku moja simama kwenye kituo kisicho na kibanda wala mti. Utaona watu wamejipanga mstari mmoja ulionyooka, mmoja nyuma ya mwenzake, na kama u mgeni utadhani ni foleni ya kupanda gari. Sogea karibu. Wamesimama ndani ya kivuli cha nguzo ya umeme. Upana wa kivuli chenyewe haufiki mabega ya mtu mzima, na kadiri jua linavyohama kinasogea, nao wanasogea nacho kidogo kidogo bila kuambiana. Tangu nilipoliona hilo sijaweza tena kusikia mtu akiita miti "mapambo ya jiji" nikanyamaza.

3. Gari moja linakula nafasi kiasi gani?

Nafasi ya kawaida ya kuegesha ni kama mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Mjini humu kuna familia zinazolala kwenye chumba kidogo kuliko hicho. Chukua chaki uichore chini, kisha waite majirani wasimame ndani yake. Utaona panaenea mti mmoja wa kivuli, benchi la watu sita na meza ya mama ntilie, au baiskeli zipatazo kumi. Na gari sehemu kubwa ya maisha yake limesimama tu.

Likitembea nako hesabu ni hiyohiyo. Wapangaji miji hukadiria kwamba njia moja ya magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Upana huohuo ukipewa mabasi yenye njia yao wenyewe na yanayopita mfululizo, hupita watu 4,000 hadi 8,000. Ukipewa watembea kwa miguu, wanaweza kufika 9,000. Kwa hiyo anayesema hakuna nafasi ya miti, mwambie nafasi ipo, ila imekaliwa.

4. Lakini siku hizi si karibu kila mtu ana gari?

Aliye ndani ya gari kwenye foleni huona hivyo, maana mbele na nyuma yake ni magari matupu. Nairobi, zaidi ya watu wanne katika kila kumi huenda kazini na shuleni kwa miguu. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022, na walio wengi ni wa daladala, mwendokasi, bodaboda na miguu yao. Tena abiria wa daladala ni mtembea kwa miguu mara mbili kwa kila safari, akienda kituoni na akitoka kituoni.

Jiji la Nairobi lenyewe lililikubali hili kwenye sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, na likaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ninawahimiza wakazi wa Nairobi waiulizie asilimia hiyo kila bajeti inaposomwa. Hapa Dar nasi tungekuwa na namba kama hiyo ya kuishika mkononi.

5. Haya si mambo ya Wazungu tu?

Swali hili huniuma kidogo, kwa sababu miji ya kale ya Waswahili ilipimwa kwa mwili wa mtu. Ndani ya mji wa kale wa Lamu mpaka leo unatembea au unapanda punda. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kiasi kwamba kuta hutiliana kivuli muda mwingi wa siku, na mbele ya nyumba pana baraza la mawe ambapo jirani hukaa akanywa kahawa na kuulizana hali na wapitao. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kuona namna tulivyokuwa tukiishi. Kilichokuja baadaye ni lami. Pale Darajani palikuwa na mkono wa bahari ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ukafukiwa, barabara ikapita juu yake, na jina pekee ndilo linalokumbuka kwamba palikuwa na daraja.

Hata leo Dar hatujasahau. Kukiwa na msiba, mtaa hufungwa. Turubai linavutwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vinapangwa katikati ya njia, masufuria ya pilau yanawekwa pembeni, na dereva anayefika anageuza gari bila neno. Harusi vivyo hivyo. Siku ya Ijumaa mikeka ya swala inafika barabarani. Tunajua vizuri kwamba njia inaweza kuwa sebule ya mtaa pale watu wanapoihitaji. Mti ni turubai lisilokunjwa jioni.

Majirani zetu wa Kigali wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2015 waliifunga barabara moja ya katikati ya jiji isipite magari, na mwaka 2016 wakaanzisha siku za Jumapili ambazo barabara kadhaa zinaachiwa wanaotembea, wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli.

## Foleni na usafiri

6. Mkipunguza njia za magari, foleni si itazidi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ni swali la haki.

Magari hayafanani na maji ya ndoo, kwamba ukipunguza ndoo yatamwagika. Kila safari ni uamuzi wa mtu. Barabara ikipanuliwa, safari fupi zilizokuwa za miguu zinakuwa za gari, viwanja vinanunuliwa mbali zaidi, na baada ya miaka michache foleni inarudi, safari hii ikiwa pana. Barabara ya Thika kule Nairobi ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane. Waulize wanaoipita asubuhi. Kinyume chake nacho ni kweli. Nafasi ikipungua kwa mpango, baadhi ya safari huhamia kwenye basi, nyingine huhamia saa nyingine, na nyingine huonekana hazikuwa na ulazima.

Seoul ilikuwa na barabara ya juu iliyobeba magari zaidi ya laki moja kwa siku, na chini yake mto Cheonggyecheon uliofukiwa zege. Walianza kuibomoa mwaka 2003, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa kwa urefu wa karibu kilomita 6. Jiji halikukwama, kwa sababu wakati huohuo walipanga upya mabasi yao na kuyapa njia zao. Vipimo vya kiangazi vilionyesha kando ya mto pana ubaridi wa nyuzi 3 hadi karibu 6 kuliko barabara ya jirani, na samaki na ndege wakarudi. Sitaki kuipamba: maji ya mto ule husukumwa kwa pampu, na wapo wafanyabiashara waliohamishwa. Lakini aliyekuwa akitabiri kiama cha foleni alikosea. Paris nayo iliyafungia magari barabara ya ukingo wa kulia wa mto Seine mwaka 2016, na leo watoto wanaendesha baiskeli pale.

7. Usafiri wa umma wenyewe ni wa kubanana. Nitaliachaje gari?

Usiliache bado. Hatumwambii mtu ateremke garini aende kusimama juani akisubiri basi lisilokuja. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, kilomita 21 za awamu ya kwanza zilibadilisha maisha ya watu wa Kimara, na mwaka 2018 Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini kila abiria anajua milango inavyofungwa kwa kusukumana. Mabasi yaongezwe. Hilo ni la kwanza, na bila hilo mengine yote ni maneno.

La pili husahaulika: njia ya kufika kituoni. Mtu anayekaa mita mia saba kutoka kituo cha mwendokasi, na mita zote hizo ni jua na vumbi, atapanda bodaboda au atanunua gari. Njia hiyohiyo ikiwa na kivuli, haitamchosha. Kupanda miti kwenye njia za kwenda vituoni ni sehemu ya mradi wa mabasi, na ingepaswa kuwemo kwenye mkataba wake tangu mwanzo.

8. Magari ya umeme si yatamaliza tatizo?

Yatapunguza moshi na kelele, na hilo ni jema. Nafasi ya kuegesha yatachukua ileile ya swali la 3, na lami yake itapata moto uleule.

9. Gari la wagonjwa au zimamoto litapitaje?

Kwa urahisi zaidi kuliko leo, ambapo linakwama nyuma ya magari yaliyoegeshwa pande zote mbili. Acha njia ya kati yenye upana wa mita 4 isiwekwe kitu cha kudumu, weka vizuizi vinavyong'oka kwa ufunguo, na matawi yanayoivuka njia yapunguzwe yawe juu ya lori. Mtaa unaofungwa kwa muda, kwa mfano siku ya Jumapili, uwe na watu wawili wenye jukumu la kuondoa vizuizi papo hapo.

## Joto, maji na viumbe

10. Mti mmoja unapunguza joto kweli?

Unapunguza chini yake, na pale mtu aliposimama ndipo penye maana. Lami nyeusi kwenye jua la Februari inaweza kupita nyuzi 60. Vua kandambili ujaribu kukanyaga. Joto hilo linahifadhiwa na kurudishwa usiku, ndiyo maana nyumba za kando ya barabara hazipoi hata saa sita za usiku. Mti unazuia jua lisiifikie lami, na majani yake yanatoa mvuke unaopoza hewa kama mtungi wa udongo unavyopoza maji.

Miti iliyofuatana ina nguvu zaidi ya mti wa pekee. Medellín, Kolombia, tangu mwaka 2016 ilipanda kando ya barabara na mitaro yake njia 30 za kijani zinazoungana, na joto la maeneo hayo likashuka kwa kama nyuzi 2.

11. Hii inahusianaje na mafuriko?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sasa chukua uwanja wa maegesho wa mita za mraba 1,000 uliosakafiwa wote, na mvua ya milimita 50, ambayo Dar wakati wa masika si ajabu. Hizo ni lita 50,000, sawa na maboza matano ya lita elfu kumi, zinazomwagwa mtaroni kwa mara moja. Mtaro wenyewe umejaa mchanga na chupa. Udongo wenye mizizi ungekunywa sehemu kubwa na kuiachia iliyobaki polepole.

Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu zaidi ya 40. Jangwani, ambapo ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, maji yamekuja mara nyingi kiasi kwamba kila mtu anajua barabara itafungwa mvua ikinyesha usiku kucha. Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, na ndani yake imo bustani ya jiji. Ninaungana nao. Lakini maji yanayofika Jangwani yanaanzia kwenye nyua za Kimara na Ubungo. Tumependa sana pevingi (matofali ya kusakafia): uani, mbele ya duka, mpaka shinani mwa mwembe. Ukitandika pevingi, acha ukanda wa udongo pembeni wenye upana wa hatua moja, na panda kitu. Kule Uholanzi miji hushindana kila mwaka nani atang'oa vigae vingi zaidi na kupanda mimea mahali pake, na mashindano kama hayo yangefaa sana mitaa yetu.

12. Miti na bustani za maji ya mvua si zitaleta mbu?

Mbu anahitaji maji yaliyotuama kwa wiki moja au zaidi kutoka yai mpaka kuruka. Shimo la bustani lililotengenezwa vizuri, lenye mchanga na kokoto chini, hukauka ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo viluwiluwi hufa. Mbu wa malaria tuliyemzoea hupenda hasa vidimbwi vidogo vilivyo juani, kama alama za matairi kwenye barabara ya vumbi. Yule wa dengue, aliyetusumbua Dar mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye makopo, ndoo na matairi chakavu. Safisha hayo kwanza. Shimo likibaki na maji siku ya tatu, limeziba, lifukue.

13. Vichaka vitaficha vibaka. Na nyoka?

Wanawake ndio huuliza hili zaidi, na wana sababu. Jibu letu ni kanuni moja: macho yapite. Mimea ya chini isizidi magoti, matawi ya miti yaanze juu ya kichwa cha mtu, katikati pabaki wazi, na taa ziwe chini ya matawi badala ya juu yake. Mahali penye kivuli, benchi na muuza kahawa huwa na watu, na kibaka hapendi watu. Uwanja wa maegesho saa mbili usiku, magari yakiwa yamepangana, una maficho mengi kuliko bustani.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka. Mtaa unaozoa taka zake hauna sababu ya kuogopa mti.

14. Tupande miti gani?

Kwa Pwani, mwarobaini unavumilia ukame na hukua haraka, mkungu unatandaza matawi kama mwavuli, na mkwaju huchelewa lakini utawafaa wajukuu. Mkuyu ni mfalme wa kivuli, ila uupe uwanja, usiuweke kando ya ukuta. Mwembe ni mzuri, isipokuwa msimu wa maembe watoto watarusha mawe, basi uwe mbali na vioo. Mnazi hauna kivuli cha maana na nazi ikidondoka ni hatari. Kitu kimoja nawasihi: tupunguze miashoki. Imejaa kwenye kuta za Dar kwa sababu imenyooka na haisumbui, lakini kivuli chake hakina tofauti kubwa na cha nguzo ya swali la 2.

Changanyeni aina, ili ugonjwa ukija usifagie mtaa mzima, na ya asili iwe mingi kwa sababu ndege na nyuki wanaijua. Jakaranda inapendeza Nairobi mwezi Oktoba, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Migunga ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo imekuwa makazi ya korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaojenga viota juu ya magari yanayopita. Wapo wanaochukia kinyesi chao. Mimi nikipita hapo naona ndege walioamua kubaki ingawa mji haukuwaandalia chochote.

15. Mizizi itabomoa barabara na mabomba.

Mara nyingi mizizi hupasua sakafu kwa sababu tumeinyima hewa na maji kwingine kote. Mti ukizungushiwa zege mpaka kwenye gome, mizizi hutambaa juu, chini ya vigae, ambako ndiko kwenye unyevu. Acha udongo wazi usiopungua mita 1.5 kila upande, chimba kwa kina, na usipande mkuyu juu ya bomba la maji wala mti mrefu chini ya nyaya za umeme za TANESCO.

16. Nyasi na maua kwenye mizunguko ya barabara havitoshi?

Havitoshi. Bustani iliyozungukwa na magari pande zote, isiyofikika kwa miguu, yenye kibao cha kukataza kukanyaga nyasi, ni picha ya kutazamwa kutoka garini. Maji inayonyweshewa yangefaa zaidi kwenye mti ambao mtu anaweza kukaa chini yake.

## Biashara na watu

17. Wateja wangu wanakuja na magari. Duka langu litakufa?

Simama mlangoni siku moja uhesabu wanaoingia kwa miguu na wanaoshuka garini. Wenye maduka wengi hushangaa. Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, ulibadilishwa mwaka 2019: magari yakaenda upande mmoja tu, njia za miguu zikapanuliwa, mabenchi na miti vikawekwa. Anayetembea taratibu anatazama dirisha la duka. Anayepita kwa gari anatafuta pa kuegesha.

Lakini kufunga barabara peke yake hakuleti wateja. Ile barabara ya Kigali ya swali la 5 ilibaki lami tupu miaka ya mwanzo, na wenye maduka wakalalamika. Uhai ulikuja baadaye ilipowekewa miti, viti na mahali pa watoto kucheza. Fedha za kivuli ziwepo kabla ya kizuizi kuwekwa.

18. Na machinga, mama ntilie na bodaboda? Wataondolewa tena?

Mpango unaowaondoa tunaupinga, hata ukiwa na miti mizuri kiasi gani. Mwaka 2021 machinga wa Dar waliondolewa kandokando ya barabara, na wengi wetu tuliona jinsi riziki inavyovunjwa kwa siku moja. Kivuli kinapotengenezwa, biashara ndogo itakifuata kama maji yanavyofuata bonde. Kwa hiyo ichorwe tangu mwanzo: meza za biashara upande mmoja, njia ya kupita isiyozibwa upande wa pili, bomba la maji, mahali pa taka. Kijiwe cha bodaboda kipewe mti wake. Nimeona madereva wakimwagilia mti wa kijiwe chao kwa maji ya kuoshea pikipiki, na mti ule haujawahi kukosa mlinzi.

19. Mtu mwenye ulemavu atafikaje?

Nafasi za maegesho za watu wenye ulemavu hazipunguzwi. Mengine yanayobadilishwa yawe kwa faida yake: sakafu isiyo na ngazi, mteremko mpole kwenye kila kivuko, mistari ya kukanyaga kwa asiyeona, na mashimo ya miti yaliyo sawa na sakafu. Mzee naye anahitaji benchi kila baada ya mita chache za kutembea.

20. Mtaa ukipendeza, kodi ya nyumba si itapanda?

Inaweza kupanda, na mpangaji ndiye atakayelipa. Dawa ninayoiamini ni kueneza: miti ikipandwa mtaa mmoja tu, mtaa huo unakuwa wa kifahari, ikipandwa Manzese, Vingunguti na Mbagala kwa pamoja, inakuwa kitu cha kawaida kama bomba la maji. Tuanzie kwenye joto kali na mabati yaliyobanana, ambako hakuna hata upana wa kuegesha gari.

## Kuanza, na visa vigumu

21. Mtaani kwetu tuanzie wapi?

Anzeni na Jumapili moja. Ombeni kibali kupitia mtendaji wa mtaa, fungeni kipande kifupi kuanzia asubuhi hadi saa nane, wekeni viti, bao, maji ya kunywa, na waacheni watoto. Bogotá imekuwa ikifanya hivi tangu miaka ya 1970, na leo kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 za barabara zake huachiwa watu. Mkirudia mara tatu, mkutano wa mtaa hautajadili tena kama jambo linawezekana. Utajadili mti uwekwe wapi.

22. Eneo lenyewe ni la nani? Tusije tukabomolewa.

Ukanda wa kando ya barabara kwa kawaida ni hifadhi ya barabara. Tanzania, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Kenya, ulizeni kaunti, au mamlaka za barabara za KURA na KeNHA, kutegemea barabara. Pateni barua, hata ya mti mmoja. Na kumbukeni kwamba maegesho mengi mbele ya maduka yako ndani ya hifadhi hiyohiyo, hivyo mwenye duka hana haki zaidi ya mti.

23. Barabara kubwa inakuja na miti yetu itakatwa. Tufanye nini?

Semeni mapema, kabla mkandarasi hajafika. Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Barabara ya juu ya Nairobi yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na miti mingi ya njiani ilikatwa. Mmoja haukukatwa: mugumo mkubwa wa Westlands, ambao umri wake ulitajwa kuwa zaidi ya miaka mia. Watu waliupigania, na Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba ubaki. Mugumo kwa Wakikuyu ni mti mtakatifu, kwa hiyo ulikuwa na wenyewe wa kuusemea. Ipeni miti yenu majina, ipigeni picha, andikeni ilipandwa lini. Mti ulioandikwa ni mgumu kukatwa usiku.

24. Je, bustani iliyopo ikitakiwa igeuzwe maegesho?

Imeshatokea, na watu wameshinda. Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi ilitolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapo maegesho ya ghorofa na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akawa pamoja nao, na mpango ukafa. Miaka miwili kabla ya hapo, Maathai alikuwa amekwishaandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, lakini wafadhili walijiondoa. Ukipita Jeevanjee mchana utakuta wahubiri, wanafunzi, na watu waliolala chali chini ya miti kusubiri jua lipungue. Wote hao wangekuwa hawana pa kwenda.

25. Tulipanda miche, yote ikafa. Tulikosea wapi?

Pengine ilipandwa Januari, siku ya sherehe, ikapigwa picha na kuachwa. Ya kwetu ya kwanza ilikufa hivyo, na bado inaniuma. Pandeni masika yanapoanza, mwezi Machi, au vuli. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mfuko wa mche, na mfuko wenyewe uondolewe kabisa. Miche mingi niliyoing'oa ikiwa imekauka ilikuwa bado imevaa plastiki chini ya udongo. Wekeni uzio wa fito dhidi ya mbuzi na magurudumu. Miaka miwili ya mwanzo, kiangazi, ndoo moja mara mbili kwa wiki, jioni, ikimwagwa polepole karibu na shina. Na kila mche uwe na mtu mmoja mwenye jina, si kamati. Wa mbele ya saluni ya jirani yangu unamwagiliwa na binti wa darasa la tano, ambaye hupima urefu wake kwa alama za chaki ukutani. Alama ya mwisho imempita yeye.